Chokaa Tupu

Hedley Rudd alikuwa na mikono iliyopauka kama unga, na hata akivaa suti yake ya kanisani mikono hiyo ilimsema. Miaka hamsini ya chokaa haitoki kwa sabuni. Kila Jumamosi alisimama kwenye ua wa mazizi ya farasi pale Ellingdene, jumba la kale lililofunguliwa kwa wageni, akadondosha mawe ya chokaa ndani ya pipa la maji, na maji yakachemka bila moto. Watoto wa wageni walipiga yowe. Yeye alingoja kelele zitulie, kisha akasema maneno yake yaleyale.

"Chokaa inapumua, wanangu. Ukuta wa zamani unakunywa mvua, jua likitoka unaitoa kama jasho. Mtie saruji, umemziba pua. Saruji ni mnafiki: nje anajikaza, ndani anamwozesha mwenzake."

Nilimsikia akiyasema hayo kwa miaka kumi na mitatu, na sikujua kwamba alikuwa akiungama.

Kazi yangu pale ilikuwa kufungua madirisha. Ellingdene ina vibao vya mbao vya kuzuia mwanga arobaini na sita, na kila asubuhi nilivifungua kwa mpangilio, kidogo kidogo, jua lisije likala rangi za mazulia. Ukumbi mrefu wa juu, upande wa mashariki, niliuacha wa mwisho kwa sababu niliupenda kuliko vyote. Dari yake ni ya lipu nyeupe iliyofinyangwa kwa mkono miaka mia nne iliyopita: mizabibu, nguva, kulungu, na mbwa wa kuwinda mwenye miguu mitano. Fundi wa zamani alikosea kuhesabu. Wageni walilala chali sakafuni kumtafuta mbwa huyo, wakimpata wanacheka kama waliookota kitu.

Hedley alizaliwa karibu na lango la nyumba hiyo. Alifundishwa uashi na Ambrose Larter, fundi mkuu, mzee mkali aliyeonja chokaa kwa ncha ya ulimi kabla ya kuruhusu itumike. Kisha akamwoa binti yake, Avis, ambaye sasa ndiye aliyesimamia chumba cha chai cha wageni. Kwa hiyo nyumba hiyo ilimpa kazi, mwalimu na mke. Watu wengine hupewa na Mungu vitu hivyo kutoka sehemu tofauti.

Vuli hiyo ukuta wa mashariki ulitoa tumbo. Kwanza ilikuwa vumbi: kila asubuhi nilikuta unga mwekundu wa matofali umelala juu ya nyasi, kana kwamba kuna mtu amepukuta shuka. Baadaye ukisimama kwenye pembe ya nyumba na kufumba jicho moja, uliona ukuta umetoka nje kati ya dirisha la tatu na la tano, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Akaletwa Rosalind Kerrison, mtaalamu wa majumba ya kale, mwanamke mrefu mwenye viatu vya matope na sauti ya upole. Alipima wiki mbili. Siku ya Jumatatu akaja jikoni kwa Avis kutueleza, tukiwa mimi, Hedley na Avis, na keki ya tangawizi katikati yetu.

"Nimepata karatasi ya matengenezo kwenye jalada," alisema. "Inapendeza sana. Sikilizeni: 'Ukuta wa mashariki, dirisha la tatu hadi la tano. Viungo vya matofali vimejazwa upya kwa chokaa tupu. A. Larter, fundi mkuu. Oktoba 1976.'"

"Huyo ni baba yangu!" Avis aliifuta mikono kwa aproni na kuinama juu ya karatasi. "Maskini, siku hiyo alijitahidi. Maandishi yake kwa kawaida yalikuwa kama njia ya kuku. Mama alikuwa akitumwa dukani na orodha yake, anarudi na misumari badala ya maziwa."

Tulicheka. Hedley aliweka kikombe chini, kikagonga pembeni mwa kisahani.

"Ni desturi yao waashi," Rosalind aliniambia. "Karatasi moja jaladani, nyingine kama hiyo ndani ya chupa, na chupa inajengewa ukutani. Basi, kama ni chokaa tupu, ukuta hauna kosa. Maji yanapanda kutoka chini. Jumatatu ijayo tunachimba mtaro kando ya msingi, kina cha kiuno, maji yapate njia."

"Na kama si chokaa?" Hedley akauliza.

"Tumechokoa sehemu tatu, Hedley. Chokaa safi, kama yako. Halafu Bwana Larter mwenyewe ameandika. Unataka kubishana na baba mkwe?"

"Thubutu!" Avis akasema. "Hata mzee alipokuwa hai alikuwa anambishia kwa mgongo, akishaondoka."

Wakacheka tena. Hedley alisema anakwenda kuangalia pipa lake. Keki yake ilibaki na alama ya meno upande mmoja.

Kesho yake, kabla ya saa moja asubuhi, nikiwa naufungua ukumbi mrefu, nilisikia nyundo. Si ya nguvu. Tik, tik, tik, kama ndege anayechokoa gome. Nilifungua kibao cha dirisha la tatu na kutazama chini. Hedley alikuwa kwenye ngazi, amevaa kofia ya sufu, patasi imeingia kati ya matofali mawili.

"Hedley! Unafanya nini?"

"Punguza sauti, Noreen."

"Ruhusa iko wapi?"

Akagonga tena. Wote pale tuliijua sheria. Ellingdene iko daraja la juu kabisa la majumba yanayolindwa; huruhusiwi kupiga msumari bila karatasi. Mwaka uliotangulia tulingoja miezi minne kubadilisha komeo la mlango wa choo. Kuukata ukuta wake bila ruhusa ni kosa la mahakamani, hata kama unaukata ili kuuponya. Sheria haiulizi nia.

Nilishuka mbio. Alikuwa ameshatoa urefu wa kiganja. Alinishika mkono, akaingiza kidole changu kwenye upenyo.

"Hapa mbele, unasikia? Laini. Hiyo ni chokaa, unene wa kidole kimoja tu. Haya, ingiza zaidi."

Kidole changu kiligusa kitu kigumu na cha baridi. Nilipokitoa, ncha yake ilikuwa ya kijivu.

"Saruji," nikasema.

"Saruji. Kutoka dirisha la tatu mpaka la tano. Mimi ndiye niliyeitia."

Akanieleza akiwa amekaa kwenye kipandio cha ngazi, ananitazama viatu. Mwaka 1976 ardhi ilipasuka kwa ukame kiangazi chote, halafu Septemba mvua ikaja na haikutaka kuondoka. Mzee Ambrose alikuwa hospitalini na kifua chake. Hedley, kijana wa miaka ishirini na sita, aliachiwa ukuta. Chokaa haikauki kwenye mvua. Inataka majuma, na jalidi ya kwanza, ule umande wa kuganda, ikiikuta mbichi inaiua. Aliijaza mara mbili, mara mbili ikateleza ikamwagika kama uji. Krismasi ile alikuwa anamwoa Avis. Alitaka mzee akitoka hospitalini aukute ukuta umekwisha, aseme binti yangu kapata mwanamume. Basi akatia saruji, na mbele yake akapaka chokaa, ili hata ulimi wa Ambrose usitambue.

"Lakini hakutoka," alisema. "Alifariki Novemba, hakuuona. Karatasi ilihitaji jina la fundi mkuu. Nikaliandika. Nilitaka jina lake liwe kwenye ukuta wake wa mwisho. Nilijiambia ni heshima, Noreen."

"Na mtaro?"

"Ngozi ya nje ya matofali imeachana na nyama ya ndani. Maji yamekaa humo miaka arobaini na mbili hayana pa kutokea. Ukuta umesimama kwa vidole vya miguu, na wao Jumatatu wanakuja kuchimba vidoleni. Utaanguka. Dari itaufuata."

"Basi mwambie Rosalind, leo hii!"

"Na Avis nimwambie nini? Kwamba miaka yote hii anapofuta vumbi picha ya baba yake, baba yake ni mwongo kwa mkono wangu?" Alivaa miwani yake ya kazi. "Nipe hadi Jumamosi. Nikiitoa saruji ukuta utapumua. Utatulia. Nitapata cha kusema."

Ilikuwa hesabu ya mtu anayezama. Mita saba za ukuta, mzee mmoja, asubuhi nne. Nilijua. Lakini nilimtazama ile kofia ya sufu, ambayo Avis alimfumia, nikashika ngazi.

Jumatano nilishika ngazi. Alhamisi nilishika ngazi. Saa mbili wafanyakazi wengine walipoanza kuingia, alikuwa ameshaziba alipokata kwa gunia na kuegemeza toroli. Hakuna aliyeuliza, Hedley na ukuta walikuwa kitu kimoja, nani atamuuliza mtu anafanya nini na mguu wake?

Lakini saruji haikutaka kutoka peke yake. Matofali ya Ellingdene yalichomwa kwa udongo wa shamba lile lile, ni laini, ukiyakwaruza kwa ukucha yanaacha wekundu. Saruji ilikuwa na nguvu kuliko tofali. Kila alipoichomoa, ilitoka imeng'ang'ania uso wa tofali, kama plasta ya kidonda inayotoka na ngozi. Alijaribu patasi nyembamba. Alijaribu msumeno wa mkono. Alhamisi alifika kwenye tofali moja lililokuwa na unyayo wa paka. Paka fulani alipita juu ya udongo mbichi, siku fulani ya jua, kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Hedley alilijua tofali hilo tangu utotoni. Aliligonga pembeni kwa upole niliosikia kwenye pumzi yake. Uso wote wa tofali ukamwangukia kiganjani, unyayo ukapasuka katikati.

Alikaa chini kwenye nyasi. Alijaribu kuviunganisha vile vipande viwili, akavigeuza, akaviunganisha tena.

"Naua," alisema. "Noreen, kila ninapogusa naua."

Ijumaa jalidi ikashuka. Nyasi zilikuwa nyeupe, na ukutani, ndani ya mistari minne aliyokata, maji yalikuwa yameganda na kumeta. Nikasikia sauti nisiyoisahau: ukuta ulikuwa ukilia, mlio mdogo, kama kikombe cha baridi kilichotiwa chai ya moto. Hedley hakupanda ngazi. Aliweka sikio lake kwenye tofali, halafu akasema, "Njoo nami kwa Avis. Peke yangu nitaupita mlango bila kuingia."

Avis alikuwa akimenya viazi vya supu ya wageni. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kumenya. Ganda la kiazi lilishuka refu, halikukatika. Alipomaliza kile kiazi alikitia majini.

"Kwa hiyo yale maandishi mazuri yalikuwa yako," alisema.

"Yangu."

"Nilidhani aliyaandika vizuri kwa sababu alijua anakufa." Alikausha kisu. "Wiki nzima niliringa kwa watu. Nilimwambia dada yangu, unaona, baba mwisho wake aliandika kama mwalimu."

"Avis, mke wangu..."

"Usiniite hivyo kwanza. Ulimtia baba yangu uongo mdomoni akiwa hawezi kuutema. Mtoe kwenye uongo huo."

"Nitamtoaje? Amekufa."

"Kwa mdomo wako. Ulimtia kwa mkono, mtoe kwa mdomo. Rosalind yuko maktaba. Nenda kabla sijalia, maana nikianza sitakuona tena."

Rosalind hakupiga kelele. Aliuliza alichohitaji kujua, akiandika.

"Mistari mingapi umekata?"

"Minne, Bi Kerrison."

"Bila ruhusa."

"Bila ruhusa."

"Nitalazimika kuliandika hilo, Hedley. Unaelewa?"

"Andika."

"Na hiyo chokaa ya mbele, kina chake?"

"Kidole kimoja."

Kalamu ilisimama. "Sisi tulichokoa kina cha ukucha," Rosalind akasema, kama anaongea na karatasi. Kisha akainuka na kupiga simu, na sauti yake ya upole ilikuwa imekwisha.

Jumamosi ua ulijaa mihimili ya mbao. Mtaro ulifutwa. Walianza ndani, kuiegemeza dari ya ukumbi mrefu kwa nguzo na magodoro, halafu wakatoka nje kushika ukuta. Hedley alikatazwa kuvuka kamba. Alisimama nyuma yake na kofia yake mkononi, akipaza sauti mpaka ikakauka: "Si hapo! Chini zaidi! Hapo pana uwazi nyuma, mtausukuma!" Mwanzo walimtazama kwa hasira. Baadaye walianza kumgeukia kabla ya kila mhimili, na yeye anaonyesha kwa kidole. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho pale. Jua lilipozama mihimili ya nje ilikuwa imefika dirisha la nne tu, wakasimamisha kazi.

Jumapili, kengele za kanisa zikiwa bado zinalia, ngozi ya ukuta ilianguka. Haikupiga kishindo nilichokitegemea. Ilishuka kama mtu aliyechoka kusimama, magoti kwanza. Vumbi jekundu lilitanda juu ya jalidi nyeupe hadi kwenye miti. Mita tatu na nusu, matofali ya miaka mia nne, yote palipokosa mihimili. Palipokuwa na mihimili ukuta ulibaki. Na ndani, nilipopewa ruhusa ya kufungua mlango, dari ilikuwa juu. Ufa mmoja ulipita kati ya nguva wawili na kumkata mbwa. Mguu wake mmoja ulikuwa sakafuni, juu ya godoro. Amebaki na minne, kama mbwa wengine.

"Itabidi arudishiwe," Rosalind alisema, akiuokota kwa mikono miwili.

"Lakini ule ulikuwa wa makosa," nikasema.

"Ndivyo alivyo. Kosa lake pia linalindwa."

Chupa ilionekana kwenye kifusi siku ya pili, nzima, kizibo chake kikiwa na nta. Rosalind alimwita Avis. Avis aliisoma ile karatasi amesimama, ni maneno yaleyale ya jaladani, wino umeng'aa zaidi kwa kukosa jua. Akaikunja mara mbili na kutaka kuichana.

"Samahani, mama," Rosalind akasema. "Haiwezi kuchanwa. Ilikuwamo ndani ya ukuta, ni sehemu ya nyumba."

"Hata uongo?"

"Hata uongo. Unaweza tu kuongezewa."

Avis aliirudisha. Usiku ule hakulala kwake. Alikwenda kwa dada yake, na akakaa huko majira yote ya baridi.

Hedley alipata barua ya onyo, ndefu, yenye nembo. Hakushtakiwa, lakini hakuruhusiwa tena kufanya kazi kwenye nyumba hiyo wala nyingine yoyote ya daraja lake. Fundi mwashi akikatazwa mwiko, basi mwiko umekuwa mwiko kwake mara mbili. Pipa la Jumamosi lilipinduliwa. Kwenye baa ya kijiji kulikuwa na waliomngoja: "Mwalimu kaja! Mmwekee bia yake, lakini msiimimine haraka, itaganda kama saruji!" Alicheka nao mara ya kwanza. Mara ya pili hakwenda. Nilimpelekea supu siku za Jumanne, nikakuta ile ya Jumanne iliyopita bado ipo. Mezani alikuwa na vile vipande viwili vya tofali la paka. Rosalind alimwachia kwa wiki moja, halafu akavirudia, kwa sababu navyo ni sehemu ya nyumba.

"Nilitaka mzee aseme binti yangu kapata mwanamume," aliniambia siku moja, akitazama dirishani. "Sasa binti yake hana."

Mwezi wa tano ukuta ulijengwa upya, na waashi wengine, kwa chokaa. Walikwenda polepole, mistari mitatu kwa siku, magunia mabichi yamening'inizwa juu yake ili isikauke kwa pupa. Desturi ilitaka chupa. Rosalind aliamua karatasi ya zamani irudi humo, pamoja na nyingine, na hiyo nyingine aiandike aliyejua. Kwa hiyo Hedley aliitwa, akavuka kamba kwa ruhusa iliyopigwa muhuri, akakalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa na ubao magotini.

Aliandika taratibu. Maandishi yaliyokuwa mazuri mwaka ule sasa yalikwenda kama njia ya kuku. Aliyasoma kwa sauti, maana Rosalind alitaka tusikie wote: "Oktoba 1976, dirisha la tatu hadi la tano, saruji, mbele yake chokaa kidole kimoja. Niliitia mimi, Hedley Rudd. Karatasi ya kwanza si kweli."

Akawa anakunja.

"Bado," sauti ikasema.

Avis alikuwa upande wa pili wa jukwaa la waashi, amevaa koti la safari, mkoba mkononi. Sijui alifika saa ngapi. Hakusogea karibu.

"Hujamwandika baba."

"Nimesema si kweli, Avis."

"Umejisema wewe. Mwandike na yeye. Andika alikuwa wapi."

Hedley akakunjua ile karatasi juu ya goti. Tulisikia maji yakidondoka kutoka kwenye magunia. Aliandika mstari mmoja, hakuusoma. Akainyoosha karatasi kuelekea kwa Avis, kupita nguzo za jukwaa, na yeye akanyoosha mkono akaipokea na kuisoma, midomo ikitembea. Kisha akampa Rosalind, naye akaitia kwenye chupa, lakini nilikuwa nimeshaona. *Ambrose Larter hakuwepo.*

Avis alimtazama Hedley kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Alimwona alivyokonda.

"Unakula nini wewe?" akauliza.

"Supu ya Noreen."

"Nilidhani hivyo," akasema, akauhamisha mkoba mkono mwingine, akasimama palepale.